Magurudumu manne, kiti kimoja

Barua niliyoipokea wiki hii imeandikwa na dada mmoja, mfanyakazi wa kiwandani hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa Kintinku, wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nimemtii. Anasema kwamba mdogo wake wa kiume, kijana wa miaka 24 aliyebaki nyumbani na mama yao, amemwomba amnunulie pikipiki ya miguu minne. Hataki ile kubwa yenye vichanja vya mizigo mbele na nyuma. Anataka ile ndogo ya michezo, nyepesi, yenye pua iliyochongoka na matairi manene kama maboga. Kijana ameiona katika picha aliyotumiwa kwa simu na rafiki yake aliyekwenda kufanya kazi Oman. Rafiki huyo amekaa juu ya chombo hicho, nyuma yake kuna mchanga mtupu hadi mwisho wa macho, na uso wake umejaa kicheko.

Hoja za kijana ni tatu, na dada ameziandika zote kwa uaminifu. Kwanza, chombo hicho hakianguki kama pikipiki za kawaida, maana kina miguu minne kama meza. Pili, kitamwezesha kumpeleka mama kliniki Kilimatinde kila mwezi, kwa kuwa mama ana maradhi ya shinikizo la damu. Tatu, mtoto wa kaka yao, mwenye umri wa miaka 11, ataweza kujifunza kukiendesha pasipo hofu na kusaidia kazi za nyumbani. Dada amekwisha kukubaliwa mkopo wa shilingi milioni sita na chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, utakaokatwa katika mshahara kwa muda wa miaka mitatu. Atatia sahihi mwisho wa mwezi. Swali lake ni fupi: "Je, ndugu mwandishi, ni kweli hakianguki?"

Si kweli, dada yangu. Kinaanguka, tena kwa namna yake chenyewe, na ndiyo sababu nimeona nilijibu swali hili hapa badala ya kukuandikia faragha. Najua kwamba wasomaji wetu wengi wana mdogo wao kijijini, na simu ya namna hiyo huwafikia karibu kila msimu wa mavuno, au kila msimu ambao mavuno hayakupatikana. Mfanyakazi wa mjini huulizwa jambo moja tu, yaani kama anazo fedha. Ni mara chache aombwe kuchunguza kama kitu chenyewe kinafaa.

Wengi wetu tunaijua Kintinku kwa kupitia dirisha la garimoshi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikitoka Dodoma hupita Bahi, hufika Kintinku, kisha Makutupora, halafu huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Kijiji basi kimelala katika sakafu ya bonde. Ni nchi ya Wagogo, ya ng'ombe, mtama na uwele, yenye mibuyu na migunga. Mvua zake ni za msimu mmoja, aghalabu kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati wa kiangazi udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto, na mvua zikinyesha udongo ule ule hugeuka gundi. Mahali pengine ni mchanga, na pengine ni makorongo yaliyochimbwa na maji. Kilimatinde, palipokuwa na boma zama za Wajerumani na ambapo leo pana hospitali ya misheni, iko juu, ukingoni mwa ukuta huo. Kwa hiyo safari ya mama kwenda kliniki ni safari ya kupanda mlima.

Kwa haki ya kijana, nikiri kwamba matairi yale ya maboga yalibuniwa kwa nchi kama hiyo hasa. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 30 hivi. Tairi la chombo hiki huhitaji paundi chache tu, hata ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Kwa sababu hiyo hutandaa juu ya mchanga badala ya kuzama, kama wayo wa ngamia. Mwenye kukipanda mahali ambapo pikipiki ya kawaida inasukumwa kwa jasho huona kama kwamba ameota mabawa. Siwezi kumlaumu kijana kwa kuitamani starehe hiyo.

Lakini hebu tuulize chombo hiki kimetoka wapi. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa chombo cha miguu mitatu chenye matairi makubwa yaliyojaa upepo kidogo. Wauzaji wake nchini Marekani walikuwa wakilalamika kwamba wakati wa theluji hakuna anunuaye pikipiki, nao wakataka kitu kitakachowapatia riziki katika miezi ya baridi. Basi chanzo chake ni haja ya duka, na wakulima wakakikuta baadaye. Kilipendwa upesi sana, na upesi ule ule kikaanza kuumiza watu, kwa kuwa mguu mmoja wa mbele hauzuii mbinuko wa kona. Mwaka 1982 kampuni ya Suzuki ikaongeza mguu wa nne, na mwaka 1985 ikatoa chombo cha miguu minne cha mbio, ambacho ndicho babu wa hicho kilichomo katika picha ya Oman.

Kufikia wakati huo majeruhi walikuwa wengi mno, na miongoni mwao watoto walikuwa wengi. Mwaka 1988 Serikali ya Marekani na makampuni yanayotengeneza vyombo hivyo yalifikia mapatano mbele ya mahakama. Uuzaji wa vyombo vipya vya miguu mitatu ukakoma, makampuni yakatakiwa kutoa mafunzo kwa wanunuzi na kubandika maonyo juu ya vyombo vyenyewe, na ikaagizwa kwamba vyombo vya watu wazima visiuzwe kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 16. Mguu wa nne ulipunguza hatari, haukuiondoa. Hata leo, katika nchi hiyo yenye kofia za kila namna na hospitali kila mahali, watu wanaouawa na vyombo hivi kwa mwaka mmoja huhesabiwa kwa mamia.

Kwa nini kitu chenye miguu minne kianguke? Meza haianguki kwa sababu haiendi. Mtazame mtu anayekata kona kwa baiskeli. Mwili wake na baiskeli yake hulala pamoja kuelekea upande wa ndani wa kona, na hakuna aliyemfundisha hivyo, kwa maana asipolala ataanguka. Pikipiki ya miguu minne haiwezi kulala. Hukata kona ikiwa wima, na uzito wake, pamoja na uzito wa aliyeipanda, huendelea kuvutwa kule ulikokuwa ukienda. Ni kama mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji akaitwa ghafla akageuka. Miguu imekwisha kugeuka, lakini maji bado yamo safarini. Chombo chenyewe ni chembamba na kiti chake kimeinuka, hivyo gurudumu la ndani huanza kunyanyuka, na dereva aliyezoea kukaa kama yuko kitini nyumbani hupinduka nacho.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wengine hawalifahamu mpaka wakifungue. Katika gari, magurudumu ya nyuma yana difu katikati yake, ambayo huliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani wakati wa kona. Katika pikipiki ndogo ya michezo hakuna difu. Magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa katika ekseli moja ngumu inayovutwa na mnyororo, nayo huzunguka sawasawa daima. Matokeo yake ni kwamba ukigeuza usukani, chombo hutaka kwenda mbele moja kwa moja. Ili kikubali kona, sharti dereva ajinyanyue kidogo kitini, auegemeze mwili wake upande wa ndani na kuikanyagia sehemu ya miguu ya upande wa nje, ili gurudumu la nyuma la ndani lipate wepesi wa kuteleza. Kwa maneno mengine, nusu ya usukani wa chombo hiki ni kiuno cha dereva.

Mimi mwenyewe nimepata kukiendesha kwa muda wa saa moja, kaskazini mwa Unguja, ambako watalii hukodishiwa vyombo hivi na kupelekwa vijijini wakiwa wamefuatana msururu kama siafu. Kiongozi wetu, kijana mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride, alirudia agizo moja kuliko mengine yote: "Usiteremshe mguu!" Baadaye nilielewa sababu. Aliyezoea pikipiki ya kawaida, chombo kikiyumba, huweka mguu chini kujizuia. Katika chombo hiki, mguu ukigusa chini, gurudumu la nyuma lililo pana linaukamata na kupita juu yake. Jambo jingine nililolikumbuka kwa siku mbili lilikuwa maumivu ya kidole gumba. Mafuta hayaongezwi kwa kusokota mkono kama katika pikipiki. Kuna kijiti kinachosukumwa kwa kidole gumba cha kulia, na kidole ambacho kazi yake ya kila siku ni kushika kalamu hakikuajiriwa kwa shughuli hiyo. Hata hivyo nilifurahi, sitaficha. Mwisho wa saa nilikuwa nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, na ningependa kuongezewa nusu saa.

Sasa turudi kwenye mlima wa Kilimatinde. Mpandaji wa chombo hiki akiwa mlimani hana budi kuinama mbele, karibu kulalia usukani, ili uzito ukae juu ya magurudumu ya mbele. Injini ikizimika katikati ya mpando na chombo kikaanza kurudi nyuma, dereva mgeni hukanyaga breki ya nyuma kwa hofu. Pua hunyanyuka, na chombo humfunika kwa nyuma. Chombo kidogo cha michezo chenye injini ya cc 250 kina uzito wa kilo 170 hivi, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Pikipiki ya kawaida ikianguka, mara nyingi humtupa mtu pembeni na kwenda zake. Hiki huja pamoja na mtu wake na kumkalia kifuani.

Niliiweka barua chini niliposoma kwa mara ya pili hoja ya mama. Dada yangu, itazame tena ile picha ya Oman. Kiti ni kimoja. Ni kirefu, ni kweli, na mtu anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba urefu ule ni wa abiria. Sivyo. Urefu ule ni nafasi ya dereva kusogea mbele na nyuma, kulia na kushoto, kama nilivyoeleza. Abiria akikaa nyuma, dereva hawezi tena kusogea, na uzito wa watu wawili huenda nyuma ya ekseli. Watengenezaji wa vyombo hivi vya michezo huandika juu ya chombo chenyewe kwamba abiria haruhusiwi. Hakuna mahali pake pa kuweka miguu. Hakuna pa kushika. Magurudumu ya nyuma yako wazi kando ya mapaja yake, na ncha ya kanga au khanzu ikiangukia kwenye mnyororo au ekseli, huvutwa na kumvuta aliyeivaa.

Mama huyo, nadhani, hajatimiza miaka mingi ya kutojiweza, lakini ana maradhi ambayo huleta kizunguzungu. Mwanawe anakusudia kumweka mahali ambapo waliounda chombo wamekataza kumweka hata kijana mwenye nguvu, kisha ampandishe naye ukuta wa Bonde la Ufa. Sisemi kwamba kijana ana nia mbaya. Nia yake ni njema, tena ya mtoto mwenye kumjali mzazi, na kwa sababu hiyo hatari inakuwa kubwa zaidi, maana mama hatakataa kupanda. Mama gani wa Kintinku atakataa kupanda kitu ambacho binti yake amekikopea fedha mjini na mwanawe amekitayarisha mlangoni?

Kuhusu mtoto wa miaka 11 nitasema kwa ukali kidogo. Vyombo vya namna hii vya watoto vipo. Vina injini ndogo za cc 50 hadi 90, mwendo wake hupunguzwa, na baadhi yake vina kamba ambayo mtu mzima hutembea nyuma akiishika, tayari kuzima injini. Lakini chombo cha cc 250 kimekusudiwa kwa watu waliotimiza miaka 16. Madaktari wa watoto wa Marekani, kwa umoja wao, hushauri kwamba mtoto aliye chini ya umri huo asiendeshe chombo cha namna hii hata kidogo, chenye injini ndogo au kubwa. Sababu zao ni za mwili na za akili pia. Mtoto hana uzito wa kukiegemea chombo kikamtii, na hana bado uamuzi wa haraka wa kutambua korongo kabla ya kulifikia. Baba yake mdogo akimwambia "hakianguki", mtoto atamwamini.

Nije kwenye fedha, kwa kuwa fedha hizi ni za miaka mitatu ya jasho. Bei iliyoandikwa katika picha za wauzaji si bei ya kufikia Kintinku. Kuna nauli ya meli, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandarini, usajili, bima, na gari la kukipeleka. Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote hata shilingi moja, mtu aende Mamlaka ya Mapato na kwa polisi wa usalama barabarani aulize kama chombo chenyewe kitasajiliwa kutembea barabarani, na kwa leseni ya daraja gani. Vingi vya vyombo vya michezo vilitengenezwa bila taa za kuonyesha kona, bila vioo na bila honi, kwa kuwa havikukusudiwa barabara. Wala lami si mahali pake, maana matairi laini na ekseli isiyo na difu hukifanya kiyumbe. Na ile barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Manyoni, yenye malori ya kwenda Mwanza, Kigoma na nchi za jirani, ni ya lami.

Halafu kuna miiba. Yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli Ugogo anajua kwamba mgunga hausamehi. Matairi ya maboga ni mapana, ngozi yake si nene, na rimu zake ni ndogo, za inchi 8 hadi 10. Fundi wa kijijini anaweza kuziba tundu. Tairi likichanika, hatapata jingine Kintinku, wala Manyoni, na sina hakika kwamba atalipata Dodoma kwa urahisi. Hali kadhalika breki, shokapu, na vile vyuma vidogo vya usukani ambavyo huchakaa kwanza. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150, ya aina zile zinazotumiwa na vijana wa bodaboda nchi nzima, ina vipuri katika kila soko lenye duka la dawa na duka la soda. Plagi, cheni, matairi na nyaya za klachi vinaning'inia dukani kama samaki wakavu. Chombo kisicho na vipuri, hata kiwe kizuri namna gani, baada ya masika mawili hugeuka kiota cha kuku, na makato ya mshahara yanaendelea.

Oman yenyewe nayo isitupoteze. Katika mchanga wa Bidiyah vyombo hivyo hukodishwa kwa saa. Mwenyewe yuko karibu, mchanga ni laini hata anayeanguka pengine huinuka akicheka, na vyombo hufungwa mti mrefu wenye bendera ili anayepanda kilima cha mchanga upande huu amwone anayekuja upande wa pili. Kijana wa picha alilipa, akafurahi, akapigwa picha, akashuka. Sidhani kama ni chake. Mdogo wako ameiona picha ya mtu aliyekodi starehe ya saa moja akafikiri kwamba ni picha ya maisha.

Wala nisieleweke kwamba nakisifu chombo cha miguu miwili. Tunayajua maafa yake. Wodi za mifupa za hospitali zetu zina vijana wengi waliolazwa kwa ajili yake, na tabia ya kupakia watu watatu na wanne, ile tunayoiita mshikaki, imewaacha watoto wengi bila wazazi. Tofauti ni kwamba hatari za pikipiki ya kawaida tunazifahamu, na dawa zake zinajulikana, kama vile mafunzo, leseni, kofia ngumu kichwani mwa dereva na nyingine kichwani mwa abiria, mwendo wa kiasi, na abiria mmoja. Tena ina mahali pa abiria, pa kukalia na pa kuweka miguu. Mama akikaa juu yake hajavunja agizo la waliokiunda chombo.

Ushauri wangu basi ni huu. Usiikatae simu ya mdogo wako. Badili kitu chenyewe. Kama utakopa, kopa nusu ya fedha hizo, ununue pikipiki ya kawaida iliyo mpya, kadi yake iandikwe jina lako mpaka mkopo utakapokwisha, na kabla ya kumkabidhi ufunguo mwambie kijana alete cheti cha mafunzo ya udereva na leseni. Chuo cha ufundi stadi cha VETA ni mahali pazuri pa kuanzia. Nunua kofia mbili siku ile ile unayonunua pikipiki, usingoje mwezi ujao, na ile ya mama ipimwe kichwani pake juu ya kitambaa anachojifunga. Kofia inayozunguka kichwani haina faida zaidi ya sufuria. Akiwa na pikipiki hiyo kijana anaweza kubeba abiria na kurudisha sehemu ya mkopo, jambo ambalo chombo chenye kiti kimoja hakiwezi kulifanya hata siku moja.

Na siku za kliniki, hasa katika masika, mama apande basi au gari, pikipiki imfikishe kituoni tu. Nauli hizo kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko riba ya milioni sita. Hesabu hiyo nimeiacha uifanye mwenyewe kwa kuwa kiwango cha riba cha chama chenu unakijua wewe.

Wapo watakaosema kwamba kijana wa kijijini hana haki ya starehe, akae alime. Mimi si miongoni mwao. Sisi wa mjini tuna mpira Jumamosi, tuna muziki na ufuko wa bahari, na hatuulizwi kama tumevuna nini kwa hayo. Kijana aliyechunga ng'ombe tangu utoto katika vumbi lile, akaona picha ya mwenzake anacheka juu ya mchanga, ametamani kile ambacho kijana yeyote angekitamani. Kama mwaka mmoja utabahatika, mlete Dar es Salaam, siku hizi treni ya umeme kutoka Dodoma ni safari ya saa chache, kisha muvuke bahari hadi Unguja akakodi chombo hicho kwa saa moja, chini ya kiongozi mwenye sauti kali, akiwa na kofia na viatu vilivyofunika kifundo cha mguu. Atarudi na picha yake mwenyewe ya kumtumia rafiki yake wa Oman.

Limebaki suala la mtoto wa miaka 11, ambaye pengine amekwisha kuwaambia wenzake shuleni kwamba chombo kinakuja. Yeye mnunulieni baiskeli. Si lazima iwe mpya. Iwe na breki zinazoshika, za mbele na za nyuma, na kiti chake kishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse chini akiwa amekaa. Muulize pia fundi wa Kintinku kama anazo tyubu za saizi hiyo kabla hujailipia huku, na kama hana, tia nne ndani ya mzigo, pamoja na viraka na gundi, kwa maana miiba ya mgunga itamsubiri njiani tangu siku ya kwanza.